Mzigo wa Kwenda Kupasuliwa

Consorcia alikuwa mwanamke asiyependa kuomba wala kuombwa. Alifuga bata nyuma ya nyumba yake, mayai yao akiyatia chumvi na kuyapaka ganda rangi nyekundu, na watu wa mji ule mdogo wa Capiz, huko Ufilipino, walipoyataka walimfuata wenyewe dirishani. Kwa hiyo maumivu ya ubavu yalipoanza hakumwambia mtu. Alikaa nayo msimu mzima wa mvua, akinywa maji ya tangawizi na kumsingizia nguruwe wa sikukuu, mpaka asubuhi moja yakamkuta bandani na kumlaza kwenye tope. Bata wakampanda na kumpita kama wanaopita juu ya gogo.

Hospitali ya mkoa wakampiga picha. Kifuko cha nyongo kilikuwa kimejaa vijiwe kama gunia la mahindi. Daktari, kijana mwenye haraka, akasema kitatolewa, jambo dogo tu, matundu mawili matatu tumboni, na kabla ya mwisho wa wiki atakuwa kwake na bata wake. Nesi aliyekuwa kando yake ndiye aliyetia neno zito.

"Ila uje na mtu wa kukuuguza, mama. Manesi ni wachache. Mgonjwa asiye na mtu kando ya kitanda hatumpokei."

Hapo ndipo penye kazi. Mtoto wake wa pekee, Rowena, alikuwa Hong Kong, akimwogesha na kumlisha mama wa watu wengine, na matajiri wake hawakumpa ruhusa. Wifi yake, Purita, dada wa marehemu mumewe, alikuwa na moyo mwema na tumbo dhaifu: siku alipompeleka mwanawe kung'olewa jino, aliyelazwa ni yeye. Majirani walikuwapo, lakini Consorcia alikuwa ameshagombana nao mmoja baada ya mwingine kwa ajili ya bata kuingia kwenye mboga zao, na alimaliza kila ugomvi kwa maneno yasiyorudishika. Wahenga walionya kwamba usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Consorcia alitukana wakunga wote wa mtaa.

Purita akafanya alichoona kinafaa, bila kuaga. Alikwenda stendi ya mabasi, kwa Adelfa.

Mji mzima ulimjua Adelfa. Alikuwa na kibanda cha supu ya tambi pale stendi, na Policarpo, mume wa Consorcia, alikuwa dereva wa basi la kwenda Iloilo. Policarpo alianza kwa kula supu kama madereva wengine. Baadaye akawa anakula bila kulipa, na hakuna mke wa dereva asiyejua maana yake. Mwisho akahamishia nguo zake huko. Talaka nchi ile haiko, kwa hiyo mbele ya padri na mbele ya serikali Consorcia alibaki kuwa mke, na Adelfa akabaki kuitwa majina ambayo watu huyasema wakiwa wameangalia pembeni. Ikawa hivyo mpaka Policarpo alipokufa. Tangu hapo wanawake wale wawili hawakuwahi kusimama chini ya paa moja.

Mchana wa Jumapili Consorcia alikuwa chumbani, sanduku wazi juu ya kitanda, aliposikia hodi. Akadhani ni mteja wa mayai.

"Pita, mayai yapo kwenye sinia."

"Sikuja kwa mayai, Manang," ikajibu sauti. Manang ni dada mkubwa. Ndivyo kila mwanamke mdogo wa huko anavyomwita mkubwa wake, ampende asimpende.

Adelfa alikuwa amesimama mlangoni, amevaa aproni ya kibandani, kikapu cha plastiki mkononi. Alikuwa amenenepa kidogo na mvi zimeanza mbele. Consorcia alimtazama kama mtu anayetazama bili isiyo yake.

"Nani amekuita?"

"Manang Purita."

"Basi nenda kwa Purita akakukaribishe. Hapa hakuna mgonjwa wako."

"Sawa. Kesho unakwenda na nani?"

Consorcia akashika kukunja shuka.

"Mimi sikuja kupendwa, Manang," Adelfa akasema. "Nimeambiwa una vijiwe na huna mtu. Kama unaye, nitajie jina lake tu, nirudi zangu. Supu yangu iko motoni."

Bata walisikika huko nyuma. Consorcia alipitisha majina kichwani, la kwanza hadi la mwisho, na hakuna hata moja lililoshuka mdomoni. Akakunja shuka ile mara ya pili, ingawa ilikuwa imekunjwa tayari.

Adelfa hakungoja jibu. Aliingia, akaweka kikapu chini, akachungulia sandukuni. Mlikuwamo gauni la kulalia la hariri lililotoka Hong Kong, la rangi ya waridi, lenye kamba kiunoni. Mlikuwamo shuka nyeupe ya kutariziwa, viatu vya kisigino, poda, manukato, hereni za dhahabu ndani ya leso, na sanamu ya Bikira ndani ya kijumba cha kioo.

"Unakwenda kupasuliwa au kuolewa?"

"Kuolewa nilishaolewa," Consorcia akajibu pale pale. "Wewe ndiye hukuwahi."

Adelfa aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyepigwa na tawi njiani, kisha akaanza kutoa vitu sandukuni kimoja kimoja.

"Hili gauni watalivua kabla hujalikalia. Na ukirudi, hiyo kamba itakaa juu ya kidonda. Una dera? La vifungo mbele, lililochakaa?"

"Ninalo la kulishia bata."

"Hilo ndilo. Lifue, ulete na jingine. Shuka nyeupe acha, itaingia damu na dawa ya njano na utaililia. Chukua patadyong za zamani, zile za mirabaraba mikubwa. Utajifunika, utajifunga kwenda msalani, na ikichafuka haionekani. Hereni acha nyumbani. Na hiyo rangi ya kucha toa leo. Wanataka kuona kucha zenyewe, wajue kama damu inatembea."

"Na Bikira naye nimwache?"

"Kioo kitavunjika. Chukua rozari, uning'inize kitandani. Meno ya juu ni yako?"

Consorcia akafunga mdomo.

"Manang, wote tunazeeka. Kama ni ya bandia watakwambia uyatoe, na usipokuwa na kikombe chenye kifuniko watayafunga kwenye karatasi ya msalani, na mtu wa usafi atayatupa. Nimeona. Kuna baba alikwenda kwake akiwa na uhai lakini hana meno."

Consorcia alikwenda jikoni, akarudi na kikombe chenye kifuniko. Akakitia sandukuni. Baada ya hapo kazi ikawa ya watu wawili. Adelfa alitaja, Consorcia akaleta: beseni na kata ya kuogea, kwa sababu bomba la wodini hutoa maji linapojisikia; chupa ya chai kwa maji ya moto; sahani, kijiko, kisu cha matunda; feni ndogo, na waya mrefu wa umeme maana tundu la ukutani liko mbali na kitanda na lina wenyewe; slipa zisizoteleza; karatasi za vipimo na kadi ya bima, ndani ya mfuko wa nailoni, zisikae chini ya kitu chochote chenye maji. Adelfa akaongeza mto mdogo, mgumu.

"Huo wa nini? Wana mito."

"Hawana. Na huu si wa kichwa. Ukitaka kukohoa, unaubana tumboni. Utanishukuru."

Consorcia aliubonyeza mto. "Umeyajua wapi yote haya?"

Akajuta kabla maneno hayajafika chini. Adelfa alikuwa akizungusha waya wa feni, na mikono yake haikusimama.

"Wodi ni ile ile, Manang. Unajua niliyajua wapi."

Consorcia alijua. Policarpo alipoharibika figo alilala wodi ile hadi tumbo likajaa maji na miguu ikawa kama magogo. Adelfa alituma mtu kumwambia mkewe. Consorcia alikuwa akiosha mayai; alimjibu yule mtu bila kuinua uso: "Aliyekula nyama na atafune na mfupa." Hakwenda. Policarpo alipokufa ndipo alipokwenda, na cheti cha ndoa mkononi, na gari la jeneza nyuma yake. Sheria ilikuwa upande wake. Maiti ilikeshewa sebuleni kwake, watu wakala na kucheza karata usiku na mchana kama ilivyo desturi, na Adelfa akasimama ng'ambo ya barabara chini ya mwavuli hadi majirani wakachoka kumtazama. Hakuna aliyemwita ndani. Kwa hiyo mmoja alipata kufa kwake, mwingine akapata kuzika kwake, na kila mmoja aliona mwenzake ndiye aliyechukua fungu nono.

Walifunga sanduku.

Kesho yake, mezani pa mapokezi, nesi aliuliza jina la mgonjwa, umri, dini, kisha akamgeukia Adelfa.

"Na wewe ni nani wake?"

Adelfa aligeuka kumtazama Consorcia.

"Aliniibia mume," Consorcia akasema.

Nesi alicheka hadi akashika meza. "Jamani mama, mgonjwa na maneno! Haya, naandika shemeji." Akaandika, akawaelekeza kitanda cha dirishani. Walikwenda, mmoja na sanduku, mwingine na beseni lenye feni ndani yake.

Asubuhi ya kupasuliwa ikazuka shida ya pete. Consorcia hakuwa ameivua pete ya ndoa tangu alipovishwa, na kidole kilikuwa kimenenepa kuizunguka kama mti unavyomeza waya. Nesi alijaribu, akashindwa, akasema ataleta koleo la kukatia.

"Haikatwi," Consorcia akasema. "Mniache na vijiwe vyangu."

"Mama, ikibaki kidole kinaweza kuvimba. Sheria ni sheria."

Adelfa alikuwa ameshatoa uzi wa kushonea na kichupa cha mafuta ya nazi. Akapitisha ncha ya uzi chini ya pete kwa pini, akakifunga kidole kwa uzi ule, duara baada ya duara, akikaza mpaka nyama ikalala. Kisha akaanza kuufungua kutoka upande wa ndani, taratibu, na kila uzi ulipofunguka pete ilisogea. Consorcia aliangalia dari. Ilimuuma. Pete ilipotoka ilikuwa nyembamba kuliko alivyoikumbuka, na chini yake ngozi ilikuwa nyeupe, laini kama ya mtoto.

"Nani ataishika?" nesi akauliza.

Walitazamana. Hakukuwa na mtu mwingine.

"Usiivae," Consorcia akasema.

"Manang, hata kidole cha mwisho hainiingii."

Adelfa akaitia kwenye pini, akaibana pini ndani ya blauzi yake, upande wa bega. Kitanda cha magurudumu kikaanza kwenda. Consorcia alihisi baridi ya korido miguuni, na jambo la mwisho aliloliona kabla milango haijafungwa ni Adelfa amekumbatia kile kikombe cha meno kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu.

Jambo dogo halikuwa dogo. Matundu hayakutosha, kifuko kilikuwa kimegandana na ini, na ikabidi wampasue kwa urefu, chini ya mbavu. Alipozinduka mdomo ulikuwa mkavu kama unga, na ubavu ulikuwa kama umekaliwa na mtu. Kulikuwa na feni ikimpepea. Kulikuwa na pamba yenye maji ikipita midomoni mwake.

"Usimeze. Lowanisha tu," sauti ikasema.

Alitaka kusema hakumeza, akaja kukohoa badala yake. Mto mdogo ulikuwa tumboni kabla kikohozi hakijafika, na mikono miwili juu ya mto. Maumivu yalikuwa makali, lakini hayakumpasua. Akalala tena.

Siku zilizofuata zilikuwa za aibu ndogondogo. Adelfa alimwaga mkojo, akamfuta mgongo, akamgeuza. Alilala sakafuni juu ya mkeka, chini ya kitanda, vichwa vya wauguzaji wengine vikiwa vimejipanga naye kama mihogo sokoni. Mgonjwa wa kitanda cha pili, bibi mmoja kutoka pwani, aliazima waya wa umeme. Wa tatu aliazima kata. Kufikia Ijumaa sanduku la Consorcia lilikuwa limeenea wodi nzima.

Chakula alikatazwa hadi tumbo lifunguke, na dalili ya kufunguka ni moja tu. Kila nesi aliyepita aliuliza kwa sauti ya kuuza samaki:

"Umeshajamba, mama?"

Consorcia, ambaye katika maisha yake yote ya ndoa hakuwahi kufanya kitu hicho mbele ya mtu, aligeukia dirisha. "Bado," alisema, hata ilipokuwa si kweli. Angekufa njaa kwa heshima zake kama si Adelfa, ambaye asubuhi moja aliinuka kutoka chini ya kitanda, nywele zimemsimama.

"Sista! Kitanda cha dirishani ameshajamba! Nimesikia kwa masikio yangu!"

Wodi ikapiga makofi. Bibi wa pwani akasema Mungu asifiwe. Consorcia alijifunika patadyong usoni, na chini yake akaanza kucheka, na kucheka kulimuuma hata akalia, akitafuta mto kwa kupapasa.

"Mwanamke mshenzi wewe," alisema alipopata pumzi.

"Kunywa uji."

Ulikuwa uji wa mchele wenye tangawizi, alioupika Adelfa mwenyewe kwenye jiko la uani ambako wauguzaji hupokezana. Consorcia akaumaliza. Kisha, akiwa bado ameshika bakuli, akauliza alichokuwa hajamuuliza mtu.

"Alinitaja?"

Adelfa hakuuliza ni nani. Alikuwa akimenya chungwa. Akamaliza kulimenya kwanza.

"Nisikudanganye, Manang. Hakukutaja."

Consorcia akaitikia kwa kichwa.

"Wala mimi hakunitaja," Adelfa akaendelea. "Siku za mwisho alikuwa hanijui. Alinifukuza, akasema mimi ni mwizi nimekuja kumwibia mafuta ya basi. Alimwita mama yake tu. Mama, mama, mchana kutwa. Nikawa naitika. Nifanyeje? Nilikuwa naitika, naam mwanangu."

Consorcia alitazama mikono ya Adelfa, iliyochubuka kwa miaka ya maji ya moto. Alitafuta ndani yake ile furaha ambayo angeipata zamani kwa kusikia hayo. Haikuwapo. Palikuwa na mahali pake tu, kama pale kilipotolewa kifuko.

"Mama yake alikuwa mkali," alisema hatimaye. "Alimchapa na fimbo ya kuswagia nyati wa kulimia mpaka siku ya harusi yetu."

"Kumbe! Ndiyo maana alikuwa anaomba radhi."

"Aliomba radhi?"

"Sana. Lakini ni kwa mama yake."

Wakagawana chungwa.

Alipotolewa, wiki nzima baada ya ile iliyotajwa na daktari, pikipiki yenye kigari ubavuni iliwafikisha hadi mlangoni. Purita alikuwa amelisha bata. Mmoja alikufa, akakiri mwenyewe kabla hajaulizwa. Consorcia hakuweza kuinua hata ndoo, kwa hiyo Adelfa hakuondoka. Akampa pete yake, akamshushia sanduku, akaenda kuosha mayai.

Jioni Rowena alipiga simu. Sura yake ilijaa kwenye kioo, nyuma yake jiko la matajiri lililong'aa.

"Mama, shangazi Purita ameniambia mambo. Sema si kweli. Huyo mwanamke yuko wapi?"

"Amelala."

"Amelala wapi?"

"Chumbani kwako."

"Kitandani kwangu? Mama! Yule aliyemchukua baba, sisi tukabaki tunakula mayai yaliyovunjika? Wewe mwenyewe ulinikataza hata kupita stendi!"

"Nilikukataza, ndiyo."

"Sasa?"

Consorcia alifikiri. Hakuwa na maneno ya msamaha, na hakutaka kuyaazima. Kwa kweli hakuwa na hakika kwamba amesamehe. Alisema kile alichokijua.

"Hajalala kwenye kitanda tangu Jumatatu ile. Teremsha sauti, mwanangu. Utamwamsha."

Rowena alikata simu. Alipiga tena baada ya siku mbili, akazungumzia mambo mengine.

Adelfa alikaa mpaka nyuzi zilipotolewa, kisha akarudi kwenye kibanda chake, ambako wateja walikuwa wameanza kuzoea supu ya mtu mwingine. Hawakuwa marafiki, wanawake wale. Hawakutembeleana, na watu waliosubiri kuona ugomvi au kukumbatiana hawakupata lolote kati ya hayo. Ila Consorcia, alipokuwa na safari ya Iloilo kwenda kumwonyesha daktari bingwa kidonda, alipitia stendi kabla basi halijaondoka. Akakaa kwenye benchi la kibanda, palipokaa madereva. Adelfa akamwekea bakuli bila kumuuliza.

Consorcia alionja. Akaonja tena.

"Chumvi haitoshi," alisema.

"Chumvi iko mbele yako, Manang."

Akaongeza chumvi, akala hadi mwisho, akalipa.